Nywele za Pine Mupya

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa saba

Asubuhi, kama kila siku, nimeinua turubai nikaangalia pine, tairi za gari yangu ya Benzi. Zimepasuka vilevile kama jana. Nilitegemea nini? Zijishone zenyewe?

Pine nne, zote zimekufa. Zilikuwa zimezeeka, na jua la kiangazi limezimaliza ubavu. Ile ya nyuma kushoto unaingiza kidole. Arusi ya binti yangu Aziza ni Jumamosi ya tarehe 15. Siku kumi na mbili! Na muguu wangu wa kulia uko ndani ya plasta tangu pikipiki ilipotuangusha kwenye shimo la barabara kule Wamaza, tukienda Kabambare kuongea na wakwe. Mimi, mutu wa Benzi, nimevunjwa na pikipiki. Watu wa mutaa wamecheka vya kutosha. Nimewasikia wote.

Mama Aziza anasema nipumzike. Nipumzike na pine zipi?

Jumanne, tarehe 4

Niandike hapa jambo ambalo sijamuambia mutu, hata bibi yangu, Mama Aziza.

Kwetu baba hasindikizi binti yake. Siku ya arusi wanawake wanamutoa nyumbani, wanamupeleka kwa watu wake, baba anabaki kwenye kiti anapokea pole na pongezi kwa pamoja. Baba yangu alibaki hivyo kwa dada zangu wote. Sawa. Lakini dereva anaenda. Sijasikia siku hata moja mutu akimuambia dereva abaki nyumbani. Mabibi arusi wa mutaa huu, wa Kiislamu na wa Kikristo, nimewapeleka mimi, na wengi nimewasikia wakilia nyuma ya shingo yangu. Tangu Aziza azaliwe nilijua nitafanya nini siku yake. Nitakuwa dereva. Nitamufikisha mwisho wa muji, pale barabara nzuri inapoisha na Benzi haiwezi tena. Nitamuona akipanda pikipiki ya kwenda Kabambare. Halafu nitarudi.

Ni hayo tu. Sidai makubwa.

Alhamisi, tarehe 6

Siku ya kupandwa na wazimu.

Muuzaji wa Kindu ana pine nne, anasema kama mupya. Nimemuomba picha ya zile namba nne ndogo za ubavuni, zinazosema pine ilitengenezwa juma gani, mwaka gani. Ametuma picha yake mwenyewe, ameegemea pine, amevaa miwani ya jua. Nimemuandikia: namba. Ametuma picha nyingine, bila miwani. Nimemupigia simu nikamuambia uso wake nimeuona, unatosha. Mwisho namba zimekuja. Hizo pine zinamuzidi Aziza umri. Hapana.

Saa nane shemeji yangu Ramazani, kaka yake Mama Aziza, amefika anatoka jasho na pine nne za jeep iliyokufa Lusangi, kule kwenye machimbo. Kubwa kama mitungi. Nimemuonyesha kwa kidole vipimo ubavuni mwa pine yangu: 205, 55, 16. Nimemuonyesha ya kwake. Amecheka.

“Shemeji, pine ni pine.”

Pine si pine! Akili yangu inauma kuliko muguu.

Ijumaa, tarehe 7

Muuguzi ameangalia muguu. Plasta inabaki majuma matatu tena. Nimemuuliza kama anaweza kuikata kwa siku moja tu, Jumamosi ijayo, halafu airudishe. Ameniangalia kama mutu anayeangalia mutoto anayetaka kula sabuni.

Basi dereva si mimi. Imekwisha.

Ramazani amejitolea kuendesha. Ramazani, aliyeangusha ghala la mahindi la jirani. Kwa baiskeli! Nimesema hapana hata kabla hajamaliza. Nimekaa kibarazani mpaka magharibi. Nina hasira na muguu, na Wamaza, na lile shimo la Wamaza.

Jumapili, tarehe 9

Juma amepiga simu kutoka Kabambare. Juma ndiye anayemuoa Aziza, anauza vitu kwa pikipiki kati ya Kalemie na Kabambare. Amepata pine nne mupya, vipimo vyangu hasa, na picha ya zile namba ametuma bila kuulizwa. Za mwaka huu.

Imenikera. Nilitaka nimukute na kosa.

Nimemuambia alete.

Jumatatu, tarehe 10

Amefika saa kumi. Ametoka jana, amelala njiani. Pine mbili zimefungwa nyuma ya pikipiki, mbili amezivaa mwilini, moja juu ya nyingine, kichwa tu na mikono vinaonekana. Vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Watoto wa mutaa wamemushangilia. Hakuweza kushuka peke yake, tumemuvua kama nguo. Aziza amechungulia dirishani akakimbia ndani, nimesikia anacheka.

“Shikamoo, baba. Pole na muguu.”

Njia nzima hakuziburuta hata moja. Nimezikagua zote kwa mukono, ndani na nje. Hazina kovu. Zina nywele zote, zile nywele ndogo za mupira ambazo pine inatoka nazo kwenye kalibu ya kiwandani.

Nimemupa maji ya kuoga na sikusema neno baya. Kwangu hilo ni jambo kubwa.

Jumanne, tarehe 11

Faustin, kwado wetu pale njia panda, ameziba pine za pikipiki maisha yake yote. Pine ya gari isiyo na mupira wa ndani hajawahi kuvalisha. Alitaka kuingiza mipira ya ndani kwa nguvu. Nimepiga kelele mpaka mama yake ametoka nyumbani kuangalia nani anakufa.

Tumefanya nilivyosema mimi. Sabuni kwenye midomo ya pine, kamba inazungushwa katikati, unaikaza kwa fimbo mpaka pine inavimba pembeni na kushika chuma, halafu upepo. Kompresa ya Faustin haina esansi, tangi limekauka. Bila shaka. Wamepuliza kwa pompi ya muguu, Faustin na Juma wakipokezana, na mimi kwenye kiti nikihesabu. Ya tatu ililia paa! ilipokaa mahali pake, Faustin akaruka, akajishika kifua, akamuita Bikira Maria. Nilicheka mara ya kwanza tangu Wamaza.

Juma amerudi Kabambare kujitayarisha. Atatungoja Jumamosi mwisho wa muji pamoja na watu wake.

Jumatano, tarehe 12

Pine mupya lazima ifundishwe. Inatoka kiwandani na utelezi wake. Mpaka zile nywele ziishe, haishiki udongo vizuri. Unaenda pole, hupigi freni ghafla, hubebi watu. Nimelieleza hili kwa nyumba nzima mara nne.

Nani aendeshe? Mama Aziza. Nilimufundisha zamani, kabla mutoto hajazaliwa. Siku tatu tulifundishana, siku ya nne hatukusemeshana. Lakini hakusahau. Leo ameketi, amevuta kiti mbele, amefunga kilemba vizuri, amewasha. Mimi pembeni yake na plasta yangu.

Ee Mungu wangu. Kila akikaribia mbuzi, mimi nakanyaga. Upande wangu hakuna freni, nakanyaga chini ya gari bure, na muguu wa plasta! Mama Aziza ananiangalia kwa jicho la pembeni.

Pale kwenye muteremuko wa kwenda mutoni gari imeanza kuteleza. Pole pole, yenyewe, kama imeitwa. Mama Aziza hakupiga freni, aliachia tu, akaielekeza kwenye uzio wa mihogo wa jirani. Tumesimama ndani ya mihogo. Mimi nimepiga kelele zote nilizokuwa nazo. Yeye amezima gari.

“Baba Aziza, shuka. Endelea kwa muguu.”

Anajua siwezi kutembea. Mwanamuke mubaya.

Nimeinama dirishani, nimeona pine zinang'aa. Nimenusa. Mawese! Ramazani, asubuhi na mapema, amezipaka mafuta ya mawese zote nne, ziwe nyeusi kwa ajili ya arusi. Kwetu mawese yanapakwa kila kitu, mboga ya sombe, kikohozi, bawaba za mulango, lakini pine? Pine mupya? Kuku wa jirani wamezizunguka, wanadonoa.

Nimemuita Ramazani. Niliyomuambia sitayaandika.

Alhamisi, tarehe 13

Ramazani ameosha pine tangu alfajiri, majivu na sabuni, majivu na sabuni. Nimemusimamia kwa fimbo. Zimerudi kuwa za kijivu, safi, mbaya kuangalia, salama.

Muchana kutwa na Mama Aziza. Mpaka uwanja wa ndege na kurudi, mara sita. Mara ya kwanza bado nilikanyaga chini. Mara ya nne nilisahau kukanyaga. Anaendesha vizuri. Anaendesha vizuri kuliko nilivyokuwa nasema miaka hii yote, na sijui namna ya kumuambia.

Saa kumi na moja tulishuka kuangalia. Tumezunguka pine zote, yeye ameinama, mimi nimeegemea fimbo. Amepitisha kiganja.

“Nywele zimeisha,” amesema.

Zimeisha kweli. Pine ziko tayari. Nilipaswa kufurahi. Kumbe kazi ya pine ilikuwa imenishika, sasa imekwisha, na keshokutwa mimi ni baba tu wa kwenye kiti.

Ijumaa, tarehe 14

Baada ya swala ukoo umekaa kupanga kesho. Mama Aziza ataendesha, hakuna mwingine. Nyuma Aziza katikati ya mashangazi wawili. Kiti cha mbele, bibi muzaa mama. Ramazani ndiye aliyesema yote, kwa sauti ya mutu ambaye hakupaka mawese popote. Akamalizia:

“Na shemeji atabaki kupokea wageni, kama desturi.”

Nimesema sawa. Ningesema nini? Niombe? Muzee muzima, na plasta, anaomba kusindikiza binti kama mutoto anayelilia sokoni? Nimesema sawa, nimekunywa chai, ilikuwa na sukari mno, nimegombana na chai.

Aziza amekuja kunisalimia jioni, mikono imejaa hina, hakuweza kunishika. Ameweka kichwa begani. Nimemuambia kesho asifunge mulango kwa nguvu, ile bawaba ya kushoto imechoka.

Jumamosi, tarehe 15

Saa nne wamemutoa. Vigelegele mpaka masikio yanauma. Mimi kwenye kiti changu, kanzu mupya, muguu mbele kama kuni. Wameingia garini. Bibi ameshika mulango wa mbele. Mama Aziza ameketi mbele ya usukani. Hakuwasha.

Watu wamengoja. Hakuwasha. Ramazani amekwenda dirishani kuuliza kuna nini. Mama Aziza amesema kwa nguvu, mutaa wote umesikia:

“Nywele za pine bado. Zinateleza. Mimi sitoki na mutoto wa watu bila fundi wa pine pembeni.”

Ramazani amesema tena desturi. Mama Aziza amemujibu kwamba hakuna anayemuita baba wa bibi arusi, yeye anamuita fundi. Na kama Ramazani anataka, aeleze hapa mbele ya wageni kwa nini pine zinateleza, nani alizipaka nini. Ramazani amerudi nyuma ya wageni. Bibi ndiye amecheka kwanza. Ameachia mulango, amesema yeye na mifupa yake atabaki kupokea wageni.

Wameninyanyua wanaume wawili, wameniweka mbele.

Tumekwenda pole. Pole sana, kama inavyotakiwa kwa pine mupya. Sokoni watu wamesimama. Mbele ya kanisa watoto wamepunga mikono. Pine hazikupiga kelele hata kidogo. Aziza hakulia. Wale wote niliowapeleka walilia, wangu hakulia. Mukono wake ulitoka nyuma ukakaa begani kwangu, hina yote, mpaka mwisho.

Mwisho wa muji pikipiki zilikuwa zimepangwa, Juma mbele, nguo safi, kichwa wazi. Nilipomuona nilikanyaga. Nilikanyaga kwa muguu mubaya, kwa nguvu zote, ile freni ambayo haiko. Plasta ililia. Gari haikusimama. Mama Aziza ndiye aliyesimamisha, taratibu, pale panapotakiwa.

Aziza ameshuka. Mulango hakuufunga kwa nguvu. Juma amemufunga kitambaa cha vumbi usoni, amejaribu mara mbili kama kiti cha nyuma kimekaza. Nimeona. Nimemuambia apite Wamaza pole, lile shimo liko upande wa kulia, baada tu ya mubuyu... hapana, nilisema baada ya daraja. Amesema, ndiyo baba. Wameondoka. Vumbi lilikaa hewani kwa muda.

Tulikaa tukiliangalia. Mimi nililia. Mashangazi walijifanya wanatafuta kitu kwenye mikoba yao.

Jumapili, tarehe 16

Asubuhi nimeinua turubai, nikaangalia pine. Vumbi jekundu kidogo. Nimeegemea fimbo, nimepitisha kiganja kwenye zote nne, hata upande wa ndani. Hakuna nywele hata moja.

Mama Aziza alikuwa anafagia uwanja. Ameniona. Ameendelea kufagia.

Simu imekuja saa tatu: wamefika. Aziza anasema Wamaza walishuka wakavuka shimo kwa muguu. Plasta ina ufa kuanzia kisigino, kesho muuguzi atanigombeza. Nimefunika gari.