Nguo Nyeusi Usiiweke Sandukuni

Binti yangu mpenzi,

Ndege ya usiku ina baridi, kwa hiyo vaa soksi nzito. Dawa zako na chaja kaa navyo karibu. Uwanjani fika mapema, maana wewe na kuchelewa ni ndugu wa damu.

Kaka yako alikwambia napata nafuu. Mimi ndiye niliyemtuma aseme hivyo. Daktari ameshaacha kuniahidi chochote.

Basi nguo nyeusi iweke kwenye begi la mkononi. Nilimzika mama yako nikiwa nimevaa suruali ya kuazima, inayoishia juu ya vifundo, kwa sababu sanduku langu lilibaki njiani. Ukinikuta bado nipo, itundike kabatini, nami nitajifanya sikuiona.

Ni mimi baba yako, niliyechoka kidogo.