Ukuta Uliochorwa kwa Cherehani

Mwaka umetimia, mpenzi wetu, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Jumanne, chai yako ikiwa bado mezani. Tumelia, tumenyamaza, na sasa tunaweza kukutaja bila sauti kukatika. Ndiyo maana tumeandika.

Wengi walikuita Dada Nyaya, maana hukuwahi kuonekana bila waya shingoni au mfukoni. Jirani akiharibikiwa na televisheni hakuitupa, alikuletea. Nawe uliipokea kama zawadi, ukaifungua siku hiyo hiyo kutafuta vifaa vya michoro yako ya mwanga. Sebule ilijaa vioo vibovu vya televisheni hadi mumeo akawa anapiga hodi kabla ya kukalia kiti chake mwenyewe. Hakununa. Alisema alijua anaoa nini.

Aliyepata taabu ni mama yako. Yeye ni fundi cherehani, mtu wa kazi inayoshikika: nguo huvaliwa, ikichanika hushonwa. Hii kazi yako ya kuchora kwa mwanga na kompyuta hakujua aiweke wapi. Wenzake wakimuuliza binti yake anafanya nini, alijibu kwamba anatengeneza kompyuta, kisha akageuza mazungumzo. Ulijua, na mbele yake ulicheka tu. Lakini mdogo wako anakumbuka siku uliyomwambia kwamba jambo lile linakuchoma.

Kisha ukaja na ombi. Ulitaka mama aketi siku tatu katika ukumbi wa maonyesho, ashone mbele za watu. Alikataa katakata, alisema yeye si kituko cha kutazamwa. Hukubishana naye. Ulimwambia, "Basi mama, nishonee tu shati la baba watoto, hapa hapa nyumbani. Mimi nitakuwa pembeni na mambo yangu."

Ukabandika kinasa sauti kidogo kwenye cherehani, ukakiunganisha na kompyuta yako, ukaelekeza projekta ukutani. Mama akaanza kukanyaga. Kila sindano ilipochoma kitambaa, nukta ya mwanga ilitokea ukutani. Akiongeza mwendo, nukta zilishikana zikawa mstari. Akipunguza, mstari ulinenepa na kujikunja. Aliposimama, mchoro ulififia polepole. Alimaliza shati zima, akaomba kitambaa kingine. Jioni, mwenyewe akauliza hayo maonyesho ni lini.

Alikwenda amevaa gauni jipya. Siku ya pili mgeni mmoja mwenye miwani alimwinamia, akamuuliza kwa adabu mchoro ule una maana gani. Mama akautazama ukuta, akatazama kazi iliyokuwa mkononi.

"Hiyo ni suruali," akamwambia.

Ulicheka hadi ukakaa sakafuni. Mgeni naye akacheka, na mama, aliyekuwa amejibu kwa dhati kabisa, mwishowe akashindwa kujizuia. Picha yenu ya siku ile tunayo, nyote wawili mmefumba macho kwa kicheko.

Maradhi yalikuja miezi michache baadaye, nayo hayakukawia. Hatutayasimulia hapa. Itoshe kusema mama alikuogesha kwa mikono yake, na mliongea mengi mliyokuwa mmeyaweka kiporo kwa miaka.

Mwezi uliopita wasimamizi wa ukumbi waliomba kuionyesha tena kazi yako. Tulikubali, roho zikiwa juu. Mafundi mitambo wawili, watu waungwana, waliunganisha kila kitu kama daftari lako lilivyoelekeza, na mama akaketi kwenye cherehani yake, akakanyaga. Lakini ukutani ikatoka mistari myembamba, imenyooka, haina uhai. Wakagusa hiki, wakagusa kile. Ilipofika saa sita mchana walisema huenda programu imeharibika, na aliyeijua ulikuwa wewe peke yako. Mumeo alitoka nje. Sisi wengine tukaanza kukusanya mikoba.

Mama hakuinuka. Aliinamisha sikio karibu na cherehani, akakanyaga taratibu, akasikiliza. Kisha akakibandua kile kinasa sauti kutoka kichwani mwa cherehani, akapapasa chini ya meza yake ya mbao.

"Hakuwa anakiweka huko," alisema. "Alikuwa anakibandika huku chini. Huko juu panalia chuma tu. Ubao ndio unaosikia mguu."

Mafundi walitazamana. Jambo hilo hukuwa umeliandika popote.

Akakanyaga tena, na ukuta ukajaa. Binti yako mkubwa alikimbia nje kumwita baba yake.

Watu waliingia wakatoka mchana kutwa, wengine wakakaa chini kabisa kutazama. Saa ya kufunga ilipofika, msimamizi alimsogelea mama, akamuuliza kama anaweza sasa kuzima mitambo. Mama hakugeuka.

"Subiri kwanza, baba," alisema. "Namalizia upindo."

Msimamizi akavuta kiti. Nasi tukakaa, tukasubiri, wala hapana aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Unakumbukwa kwa upendo na mama yako mzazi, mumeo, binti zako wawili, kaka yako na mdogo wako wa kike, wifi na mashemeji, shangazi, wajomba, binamu wote, na wachoraji wenzako mliofanya kazi pamoja.

Pumzika, mwanetu. Siku zote zitakazokuja, tutakuwa nawe moyoni.