Mwaitu, Daktari Amesema Nikupigie Simu

Mwaitu,

Ni mimi, mwanao Kioko. Tangu tukuzike, mahindi uliyopanda tumeyavuna bila wewe, na baba amehamia chumba cha mbele, eti kile chenu kina baridi. Hakuna baridi, Ndithini yote inaungua jua. Tunamwachia tu.

Nina jambo ambalo ni wewe tu ningekuambia. Nilienda hospitali ya Machakos mjini, ile uliyokuwa ukinipeleka utotoni, kuuliza kuhusu ile operesheni. Si ya njia ya mkojo kama zile za utotoni. Hii ni ya mfuko wa korodani, huu wangu niliozaliwa nao umegawanyika pande mbili, ushonwe uwe mmoja kama wa wanaume wengine. Ukiwa kitandani ulinishika mkono ukasema, "Kioko, ujitengeneze kabla uoe." Nikaitikia. Ningekataaje, na ulikuwa unapumua kwa shida vile?

Daktari ni mwanamke, mdogo hata kwa dada zangu. Nilitaka kutoroka. Lakini aliuliza kwa upole mpaka aibu ikapungua. Alisema kushona ngozi si kazi ngumu sana, kinachomtia wasiwasi ni mkojo. Faili langu la zamani halikupatikana, kwa hivyo akaniuliza: utotoni nilifanyiwa nini hasa? Njia iliziba mara ngapi? Waliirekebisha kwa ngozi ya wapi? Nikamwambia ninachokumbuka ni homa, mpira wa mkojo uliofungwa pajani, na wewe ukipuliza uji. Mengine mama ndiye anayejua.

"Basi mpigie simu," akasema.

Mwaitu, nilitoa simu mfukoni. Haki niliitoa. Jina lako bado limo. Nilikaa nikiliangalia mpaka daktari akaelewa mwenyewe, akaniomba msamaha.

Nimekukasirikia. Nisamehe, lakini nimekasirika. Uliyabeba yote kichwani ukaenda nayo. Na lile la tohara. Nilipomwambia daktari kwamba nilitahiriwa Desemba moja pamoja na wavulana wa kwetu, alitikisa kichwa. Mtoto aliyezaliwa kama mimi, tundu la mkojo likiwa chini badala ya kwenye ncha, hatahiriwi kabla ya matengenezo kuisha, alisema, kwa sababu ile ngozi ndiyo hutumiwa kutengeneza njia ya mkojo. Hukujua, na nani angekuambia? Wanawake kisimani walikuwa wameanza kuuliza kwa nini Kioko haogi mtoni na wenzake. Ulitaka nisichekwe. Asubuhi nakuelewa, jioni nakasirika tena. Sijui nishike lipi.

Na ni wewe uliyeniwekea mtungi wa maji wa peke yangu, mwaka ule mto ulipokauka tukawa tunapimiwa maji kwa kikombe. Dada zangu walipolalamika uliwaambia, "Huyu asipokunywa atalia akikojoa. Nyinyi mtalia kiu tu." Siku hizi nashona suruali kiwandani Athi River. Nikijizuia kwenda choo ili nisiwacheleweshe wenzangu kwenye laini, nasikia ukinigombeza. Mwezi uliopita nilijizuia sana. Ule moto ukarudi, na homa, na mkojo wa matone.

Kwa hivyo daktari anataka kwanza anitibu maambukizi, apime mkojo tena, halafu nipigwe picha ya njia yote. Akikuta pamebana, huenda akapasua palepale ambapo mfuko ungeshonwa. Hilo nililielewa haraka, maana hakuna fundi anayekunja pindo kabla hajapima mguu. Na mkojo wenye wadudu ukifika kwenye kidonda kibichi, mshono unaweza kufunguka wote. Kisha akaniuliza swali: "Wewe mwenyewe, hali hii ya mfuko inakusumbua?"

Haiumi. Nikioga naichukia, wiki nyingine naisahau kabisa. Je, ni mimi ninayetaka kushonwa au ni wewe? Mwaitu, hata sijui ninamuuliza nani.

Desemba tunapeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Mwende, ili ajulikane rasmi kuwa ni wa kwetu. Baba ameshawatenga mbuzi hao. Mwende hajui lolote. Uliniambia, "Mwanamke asijue, atakucheka na dada zake." Ni kweli Mwende anapenda kucheka. Lakini nilipokuwa na ile homa alikuja kwangu, akachemsha maji, akafua mashuka bila kuuliza kwa nini yamelowa. Alipokuwa anatoka akasema, "Kuna kitu unanificha, Kioko. Mimi sina haraka." Nilifunga mlango nikalia kama mtoto.

Basi sikia nilichoamua, kama huku ni kuamua. Sitashonwa kwa sababu ya Desemba. Picha kwanza, na jibu la lile swali nitalitafuta polepole. Na kabla ya siku ya picha nitamwambia Mwende yote kwa mdomo wangu. Akikataa, mbuzi watabaki zizini na baba nitajua cha kumwambia. Naogopa, mwaitu. Kisu sikiogopi hivi.

Usiseme nimekuasi. Siri ilikuwa ya wawili, na mimi peke yangu imenishinda. Nakuahidi sitaingia kwenye ndoa nikiwa nimejificha.

Pumzika sasa, mama yangu. Na kama Mwende atakubali kunisindikiza, atafika kwenye ile benchi iliyo nje ya mlango wa daktari, uliyokuwa ukikalia ukinisubiri nilipokuwa mdogo. Ukimwona anakuja, sogea kidogo akae.

Kioko