Pai Yenye Herufi Yangu

Baba Neema wangu,

Nakuandikia wewe wa zamani, uliyekuwa ukiingia jikoni hapa nyumbani Rissne na kufunua sufuria zangu bila ruhusa. Wewe wa sasa nimetoka kukuona mchana huu huko Hjulsta, kwenye nyumba ya wazee. Umekonda mpaka pete inazunguka kidoleni. Daktari amesema usipoanza kula mwenyewe, hawatakulisha kwa mpira wa puani, watakuacha uende. Binti yetu naye ananijibu kwa Kiswidi kwamba nikuache upumzike. Siwezi, mume wangu. Nimekata tamaa na bado siwezi.

Unakumbuka likizo zetu? Wenzetu wakienda Uingereza walipiga picha London wakarudi. Wewe ulikodi gari ukanizungusha vijijini, eti umesikia kuna mahali wanapika kitu cha ajabu. Kule Lancashire tulipewa soseji nyeusi ya damu, ukamwambia mwenye duka, "Hii ni mutura ya kwetu, ni vile tu mmeisahaulia pilipili." Kule Yorkshire ukamng'ang'ania mzee mmoja akufundishe kujenga ukuta wa mawe bila saruji. Akakwambia jiwe ukishaliokota hulirudishi chini, ulitafutie nafasi. Ukashinda umekumbatia jiwe lisiloingia popote, nami nimeketi kwenye nyasi nacheka hadi mbavu zinauma.

Lakini kilichokuteka kabisa ni pai za nyama za Cornwall. Mama aliyeziuza alitueleza kwamba zamani wake za wachimba migodi walibandika herufi ya jina kwenye kona ya pai, ili mtu akibakisha nusu asije akachukuliwa yake. Ukamwambia, "Huyu wangu akianza kuandika, ataandika na onyo." Tangu hapo nikawa napika mbili kila Jumamosi, yenye W yako na yenye R yangu. Na hukuwahi kuuma yako kabla sijaketi. Hata nilipochelewa kazini nilikukuta umefunika sahani zote mbili, umenuna kwa njaa.

Leo nimekuletea zote mbili. Mama Béa, yule mhudumu Mkongo, alinipokea mlangoni. "Mama, papa hakule tena," akasema. "Anaangalia mulango tu."

Nikakuwekea sahani. Ukaishika yako. Ukaifikisha mdomoni kabisa, kisha ukaiona ile nyingine, ukairudisha yako pale pale.

"Namsubiri mwenye hii," ukasema.

"Ni mimi, Baba Neema."

Ukanitazama kwa heshima zote, kama mtu anavyomtazama mgeni. "Asante, mama. Lakini mke wangu bado hajafika. Atakuwa amekwama, kuna theluji."

Nje jua lilikuwa linawaka, watu wamevaa kaptula.

Kumbe ndiyo sababu. Unakufa njaa ukinisubiri, na mimi nimeketi mbele yako nimekushika mkono. Nilikwenda kulia chooni, na nitakwambia ukweli, nililia kwa hasira. Nani alikutuma uwe na adabu kiasi hiki? Umesahau jina la mtoto wetu, umesahau nyumba yetu na uso wangu, ungesahau na kunisubiri pia.

Nimebakiwa na njia moja. Kesho sitaingia chumbani kwako. Nitasimama kwenye korido usiponiona, na Mama Béa atakuletea pai zote mbili na kukusomea mistari ya mwisho tu ya barua hii, kama ujumbe uliotumwa na mkeo. Kama ni lazima nisiwepo ndipo ule, basi sitakuwepo.

Mume wangu, theluji ni nyingi na gari limekwama. Mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi. Nitachelewa sana, kwa hiyo leo usinisubiri. Kula yako, na yangu uile pia.

Mkeo,
niko njiani.