Kumi na Saba na Ndugu Zangu

Jumamosi, 14 Machi 1998

Wamefika elki wetu, wale kulungu wakubwa! Malori manne kutoka huko magharibi, siku mbili njiani. Wamewashusha kule juu, pale kampuni ilipokata kichwa cha mlima ikachukua makaa yake ya mawe na kutuachia nyasi.

Mlango wa lori la kwanza ukafunguliwa — kimya. Hakuna aliyetoka. Harlis, mdogo wangu, akapaza sauti: wameshaiona kaunti yetu, wanataka kurudi kwao! Watu wakaangua kicheko. Mara jike mmoja akachungulia, akaruka. Mkubwa kama farasi, shingo nyeusi, na ukanda wa redio shingoni wa kutuonyesha aliko. Namba 17. Nikalia kama mtoto, sikujali nani ananitazama.

Zaidi ya miaka mia na arobaini hakujakanyaga elki hapa. Babu zetu waliwamaliza kwa bunduki. Na mimi ndiye niliyesimama kanisani nikawaambia ndugu zangu hawa wanyama hawatakula bustani zetu, wala serikali haitachukua ardhi, na sisi hatutawagusa. Wote wakainua mikono. Bwana Pruitt wa wanyamapori kanipa kisanduku cha redio na antena. Kila asubuhi nisikilize, niandike. Mimi! Mjane wa mchimba makaa, darasa la nane!

Jumatano, 10 Juni

Kumi na Saba kazaa! Ndama ana madoadoa, miguu mirefu haijui pa kwenda. Wako nyuma ya makaburi yetu, kwenye misonobari, chini kidogo ya alipolala marehemu mume wangu. Bwana Pruitt alinionya nisimwambie mtu mahali. Nimemwambia Harlis tu. Harlis si mtu, ni damu yangu. Nilimlea tangu mama alipokufa, nikamfunga viatu mpaka akajua kuvifunga mwenyewe.

Jumanne, 21 Julai

Mgodi umewaachisha kazi watu sitini. Harlis yumo. Nimempelekea maharage na mkate wa mahindi. Kala bila kuniangalia. Wifi Jewell anasema tangu juzi haongei, anasafisha bunduki tu.

Jumatatu, 28 Septemba

Leo redio imelia mbiombio. Ti-ti-ti-ti. Sauti hiyo maana yake ni moja: mnyama hajasogea muda mrefu.

Nikamwita Harlis, akaja mara moja, masikini. Tukafuata antena mpaka bwawa la matope ya makaa. Akavua viatu, akaingia mwenyewe mpaka magotini, akapapasa na fimbo. Akautoa ukanda. Hakuna mzoga. Ukanda umekatwa kwa kisu, mkato mmoja, safi.

“Dada, hawa ni watu wa kaunti ya pili,” akasema. “Washenzi wale.” Akanishika bega. Ndama alikuwa anaita kule kwenye misonobari, kile kilio chembamba. Harlis akasema twende, usisikilize.

Jumapili, 4 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Ibada ya kuwakumbuka marehemu, kisha chakula uwanjani kama kila mwaka, meza ndefu, kila nyumba na sufuria yake. Wifi Jewell kaleta nyama ya chupa, ile ya kuchemshwa na kufungiwa kwenye chupa ikae miezi, na mchuzi mzito. Nikala. Nikaongeza! Nikamsifu — wifi, hii umeipika! Jewell akajifanya anafunika sufuria.

Nikaona meza nzima wameinamia sahani zao. Bi Vesta, yule asiyejua kuficha neno hata la msiba, akaniinamia sikioni. “Delphia, mwanangu, hivi kweli hujui unachokula? Nilidhani Harlis kakwambia. Sisi wote alitugawia.”

Wote. Kila nyumba chupa mbili, tatu. Toka wiki iliyopita zimepangwa kwenye rafu zao, na kila asubuhi wananisalimia barabarani, Dada Delphia, umelalaje, elki wako hawajambo?

Nilikwenda nyuma ya kanisa nikatapika mpaka nikabaki natapika hewa.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimekwenda kwake peke yangu. Ndiyo kanuni yetu: aliyekukosea umwendee kwanza wewe na yeye tu. Akikataa, urudi na mashahidi wawili. Akikataa tena, ndipo ulipeleke mbele ya kanisa. Sijawahi kuiruka kanuni hiyo.

Hakukana. Alikuwa anapasua kuni. “Watoto wangu wale nini, Dada? Redio yako?” Nikamwambia angeniomba mimi, ningemchinjia ng'ombe wangu wa pekee. Akasema amechoka kuomba. Nikamuuliza kwa nini aliingia bwawani kunitafutia kitu alichokitupa mwenyewe. Hapo akacheka kidogo! “Ulikuwa unalia. Ningefanyaje?”

Nikasema nakupa mpaka kikao cha kanisa cha tarehe kumi na saba, nenda mwenyewe kwa watu wa wanyamapori ukaseme. Akaniambia sawa, Dada. Sawa.

Alhamisi, 8 Oktoba

Bwana Pruitt kaja na askari wa wanyamapori. Wameketi jikoni kwangu, wamekunywa kahawa yangu. Pruitt macho mekundu. Anasema malori mengine ya Januari yatapelekwa kwingine kama watu wa hapa hawaaminiki. Wale waliobaki nao watakamatwa wahamishwe.

Askari akaniuliza: kuna mtu yeyote uliyemwambia mahali alipokuwa yule jike?

Nikasema hapana.

Limetoka lenyewe! Nilimpa Harlis mpaka kikao, nami ahadi yangu siivunji — ndivyo nilivyojiambia. Pruitt akanishukuru. Akasema wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini kwenye mlima huu. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikampigia Harlis. Nimekufichia, nikamwambia. Nimesema uongo mbele ya askari kwa ajili yako, sasa na wewe fanya la kwako. Akasema Mungu akubariki, Dada.

Jumatatu, 12 Oktoba

Harlis bado hajaenda kusema. Siku nzima natafuta mashahidi wawili wa kurudi nao kwake. Wawili tu!

Bi Vesta — miguu inamuuma. Miguu ambayo jana ilipanda mlima kuokota njugu za mwituni! Kwa akina Napier wamenikaribisha, wamenipa kiti, na kwenye rafu nyuma yao chupa tatu zimepangwa, nyama nyeusi, mafuta meupe juu. Hakuna aliyezitazama. Mimi nilizitazama. “Dada Delphia, mambo ya ndugu yamalizwe na ndugu,” baba yao akasema, akanisindikiza mpaka langoni kwa heshima zote.

Mwisho nikaenda kwa Ndugu Estill, mzee anayeongoza vikao vyetu. Yeye ndiye aliyenibatiza mtoni, barafu ikielea. Akaniambia yeye akialikwa kula haulizi nyama imetoka wapi. “Hata wewe ulikula, Dada.” Nilikula, ndiyo. Lakini nilikuwa sijui! “Sasa unajua,” akasema, “na bado umeikalia siri.”

Asubuhi nilimwona ndama. Madoa yamefifia. Anazunguka palepale nyuma ya makaburi, peke yake, hajui kwa kwenda kuwatafuta wenzake.

Jumamosi, 17 Oktoba

Naandika humu garini, nje ya kanisa. Wako ndani, wananisubiri.

Ndugu Estill kafungua kikao, kauliza kama kila mwezi: je, kuna amani kati yenu? Nilikuwa nimeshashika kiti cha mbele yangu ninyanyuke. Nimejiandaa wiki nzima! Harlis akasimama kabla yangu.

Alikuwa na shati jeupe. Nilijua — Mungu wangu, nilidhani anakwenda kuungama! Moyo ulifurahi, nikakaa. Akasema: “Ndugu zangu, nina huzuni. Dada yangu amesema uongo mbele ya askari wa serikali. Kaniambia mwenyewe kwa simu.”

Nikasimama. Nikasema uongo huo ni kwa ajili yake, ni yeye aliyeua Kumi na Saba, nyote mnajua, nyote mmekula! Ndugu Estill akainua mkono taratibu. Akasema kanuni ni shauri moja kwa wakati mmoja, na aliyetangulia kusimama ndiye anayesikilizwa. La kwangu nilipeleke kwa utaratibu. Akauliza, je, nimemwendea na mashahidi? Hakuna aliyekubali, nikasema. Basi bado halijafika hapa, akasema.

Kisha: “Dada Delphia, ulisema uongo au hukusema?”

Nikasema nilisema. Ningesema nini? Kweli nilisema.

Safu zote wakatikisa vichwa, kwa huruma! Bi Vesta anafuta machozi. Nikiomba msamaha wataniacha kundini. Nikikataa watapiga kura wanitoe, na nikitolewa kwa kosa la uongo, nani atasikiliza habari zangu za elki? Pruitt? Askari? Ndiyo maana aliwahi kusimama. Mdogo wangu huyu nimemfundisha kusoma, na kanisoma barabara.

Nikaomba nitoke nikapate hewa. Funguo ninazo. Simu ya dukani ni dakika kumi chini ya mlima, namba ya Pruitt ninayo mfukoni. Nikipiga, Harlis anafungwa, elki wanahamishwa, na mimi sirudi tena humu ndani, wala kuzikwa pembeni ya mume wangu sijui kama nitaruhusiwa, njia ya makaburi inapita kwa Harlis. Nisipopiga —

Wameanza kuimba. Ndugu Estill anatangulia kutamka mstari, wao wanaurudia kwa kuuvuta. Sauti ya Harlis naitambua, ya juu kuliko zote, nzuri kama ya baba.

Imekoma. Mlango umefunguliwa. Anakuja, kashika koti langu nililoliacha kitini. Kainama dirishani, anatabasamu, macho yana machozi, na machozi ni ya kweli, namjua.

“Ingia ndani, Dada,” anasema. “Baridi. Tumeshakusamehe.”