Mkia wa Samaki wa Jiwe

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi goti lako, linakubali ngazi sasa au bado mnagombana? Na kifua cha Mama kimetulia? Sisi huku ni wazima. Mkwe wako anakusalimu, na mjukuu wako ameota jino la mbele, analionyesha kwa kila mtu hata asiyeuliza.

Baba, barua yangu iliyopita, ile ya samaki wa jiwe, ilikuwa na uongo ndani yake, nami nasikia uliisoma kwa sauti mbele ya wenzako wote wa drafti. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Hii tafadhali isome kwanza peke yako.

Ni kweli nilikuwa nakata bamba la jiwe kwa ajili ya meza ya jikoni ya daktari mmoja. Ni kweli pia kwamba bamba lilipasuka ubapa, na ndani alikuwa amelala samaki, urefu wake kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, mifupa yote imegeuka jiwe. Wataalamu humwita kisukuku. Bosi alifurahi akaisahau kabisa oda ya daktari. Alipiga simu makumbusho, na baada ya siku tatu akaja mama mmoja mtaalamu, kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni. Karakana nzima ilimbatiza Mama Darubini siku hiyohiyo.

Mama huyo alimkagua samaki kuanzia kichwani, na alipofika mkiani akakaa sakafuni kwenye vumbi na sketi yake nzuri. Alisema hajawahi kuona mkia wa namna ile kwa samaki wa aina ile. Ndipo ubishi wa namna ya kumwonyesha ukaanza. Bosi alitaka atundikwe juu ya mlango wa karakana, wateja wamwone kabla ya kusikia bei. Mama Darubini alitaka alazwe makumbusho vilevile alivyokutwa. Mwisho walikubaliana aende makumbusho, lakini asimamishwe wima, taa imulike mkia, na jina la karakana liandikwe pembeni. Waliponiuliza mimi, nilisema mradi asianguke.

Sasa nisikilize, Baba. Mkia ule niliutengeneza mimi.

Msumeno ulikuwa umeshaula mkia wake kabla sijajua kuna samaki. Nilipoliona pengo, kabla sijamwita bosi, nikachanganya vumbi la jiwe lilelile na gundi, nikajaza, nikachora miiba kwa sindano, nikapiga msasa, kama ulivyonifundisha kuziba ufa mteja asiuone. Sikukusudia kumdanganya mtu. Niliona jiwe lina kasoro, nikalitengeneza. Lakini kadiri walivyousifu mkia ndivyo nilivyozidi kuwa bubu. Nilijua nikisema nitamwaga unga, na wewe utachekwa.

Jumatatu Mama Darubini alileta maandishi yake kuhusu mkia, kurasa kumi na moja. Nikapiga moyo konde, nikamweleza yote mbele ya bosi. Bosi alinitazama kama anayetaka kuniuma. Mama Darubini akauchungulia mkia kwa kioo chake, akauchungulia tena, halafu akacheka mpaka akafuta machozi. Alisema afadhali nimemwambia kabla hajachapisha. Akazikunja zile kurasa akazitia mkobani, kisha akaniomba niutoe mkia mwenyewe, kwa sababu yeye hakuona unapoanzia. Baba, nilishusha pumzi niliyokuwa nimeishika wiki tatu! Bosi alinuna siku mbili tu, kisha akanirudisha kwenye msumeno.

Samaki sasa amelazwa makumbusho ndani ya kabati la kioo, hasimamishwi tena, hana mkia, na alama ya msumeno inaonekana wazi. Mkia wangu umewekewa kisanduku chake pembeni. Mama Darubini aliniuliza aandike nini chini yake. Nilimwambia aandike kwamba uliongezwa na fundi, na kwamba fundi huyo alifundishwa na baba yake. Ameandika hivyo hivyo, nimesoma kwa macho yangu.

Nisalimie Mama sana, na majirani wote wanaoniulizia. Wenzako wa drafti nao waambie ukweli wote, usiwafiche. Samaki wa mwanao hakuwa mzima, ila mkia wake ulimshinda mtaalamu.

Ni mimi mwanao,
Mkata mawe