Nilirudi Beni Kuchukua Picha ya Chupa

Baba,

Juzi nilirudi Beni kuchukua ile picha ya chupa. Bwana yangu alinikataza: "Kavira, karatasi haifufue mutu." Nilienda tu. Tangu tulikimbilia hapa Butembo, miezi tano sasa, nilikuwa ninaiona kila nikifunga macho.

Unakumbuka siku uliichora? Tulikuwa tumejifungia ndani siku ya tatu, masasi ya bunduki yanalia barabarani. Ukachukua chupa ya kijani ya zamani, ile babu alileta toka shamba la kahawa, ukaiweka dirishani, ukachovya burashi kwenye maji ya kunywa. Mama akakasirika: "Maji ya batoto, na wewe unachorea chupa!" Ukamujibu polepole: "Ndiyo, mais wakiangalia chupa hawatasikia masasi."

Na kweli. Mimi na dada Masika tuliangalia rangi inaenea kwenye karatasi. Hatukulia.

Inaniogopesha, Baba. Siku mbaya vile, na mimi ninaitamani. Woga ulikuwepo, mais na wewe ulikuwepo.

Nyumbani nilikuta mulango umevunjwa. Chupa yenyewe haiko tena. Picha ilikuwa ukutani, imeshika ukungu kwa pembe moja. Nilipoitoa, nikasikia mutu anakanyaga uwanjani. Nikajibana nyuma ya mulango, picha kifuani. Nilijikojolea, Baba. Mutu mukubwa kama mimi.

Akaingia. Kumbe ni Mama Zawadi, jirani yetu, amerudi kuchuma majani ya muhogo, sombe yake. Tulipiga kelele wote wawili.

"Mutoto, ulitaka kuniua!" akasema. Tukashikana, tukalia.

Nikamuomba anisindikize kwenye kaburi lako. "Hapana, Kavira. Wiki iliyopita wale wenye bunduki walikamata batu kule." Nilisimama kwenye njia ya makaburi. Misalaba niliiona kwa mbali, mais nikageuka. Nikapanda pikipiki, nikarudi Butembo bila kukusalimia.

Nisamehe. Nilienda kwa karatasi, nikakuacha wewe.

Hata hapa Butembo, pikipiki ikisimama mbele ya nyumba, ninanyamazisha batoto bangu mpaka iondoke.

Kwaheri, Baba. Siku ile njia itafunguka, nitakuja na jembe, nikulimie majani, nikae karibu yako muchana wote. Na kama haitafunguka, nitakuja vile vile. Mais siyo leo. Leo ninaogopa.

Mutoto wako,
Kavira